Nyama ya Popi

Mlinzi wa nyumba ya jirani, hapa Kilakala, alikuwa mtu wa Mgeta, na aliongea na mbwa kama mtu anayemwomba radhi mkwewe. "Popi, nivumilie. Siyo mimi, ni bwana mifugo." Mwaka ule kiwanda cha hapa mjini kilikuwa kinauzwa na watu wanapunguzwa kazi, kibarua kingine hakipatikani. Bosi wake akiwa Dar kwa miezi miwili, bwana mifugo alikuja kumchoma Popi sindano, akasema mbwa amenenepa mno, atakufa. Apewe nusu ya nyama. Lakini mlinzi aliyemtangulia alifukuzwa kwa sababu Popi alikonda. Aliambiwa anamlia mbwa nyama yake. Basi huyu kila mchana aliikata nyama katikati, nusu akampa Popi, nusu akaikausha kwa moshi na kuitunga kwenye waya. Kila Ijumaa alitoboa kwa msumari tundu jipya kwenye mkanda wa shingo ya mbwa, ili usilegee. Gari likipiga honi, alishtuka na kukimbilia ule waya. Nilimwambia ajipikie kidogo, nani atajua? "Mama Sabra, usiniponze."

Siku bosi aliporudi, mlinzi alisahau hata shikamoo. Alisimama getini amekumbatia waya wa nyama, jasho likimtiririka. "Ya Popi ipo yote, mzee." Bosi akamtazama mbwa, akafurahi, akaziba pua, akasema uchafu ule utupwe. Mlinzi alipoinama kuuzoa, shati lilipanda, nikauona mkanda wa suruali yake. Ulikuwa na matundu ya msumari uleule, mengi kuliko ya Popi.