Mirija Kumi na Minane ya Chungwa

Wifi yangu wanamwita Mama Matone, maana miaka kumi na tisa kazi yake maabara ni kudondosha matone. Mimi naosha mirija hapo hapo. Yeye hunisema kwa uvivu, nami humwambia kaka yangu angeoa kinyonga angepata mke mwenye haraka zaidi.

Mwaka mmoja maabara ilipima mimea kumi na minane ya ukoo mmoja, ukoo wa mbuni, ule mti wa kahawa, kutafuta alkaloidi, vile vitu vichungu ambavyo dawa nyingi hutokana navyo. Majani ya kila mmea husagwa, hulowekwa kwenye asidi ndani ya mrija wake, kisha hudondoshewa kemikali ya kipimo. Maji yake yakigeuka rangi ya chungwa, alkaloidi zimo. Daktari, mkuu wetu, aliahidi safari hii jina la wifi litaandikwa kwenye ripoti. Jamani, alivyofurahi! Hakuwahi kuandikwa popote zaidi ya daftari la mahudhurio.

Siku moja mirija kumi na minane ikageuka chungwa yote. Daktari alicheza katikati ya meza, akaalika wageni waje kusikia matokeo. Wifi hakucheza. Alichukua asidi tupu, isiyo na jani hata moja, akaidondoshea kipimo. Chungwa.

Uso ukamshuka. Kibomba cha kudondoshea kwinini, alkaloidi inayotumika kuhakikisha kipimo ni kizima, alikuwa amekichovya kwenye chupa ya asidi bila kujua. Na ule mrija wa asidi tupu ambao hupimwa kwanza kila asubuhi, siku hiyo aliuruka kwa kuikimbilia ripoti. Eti yeye, wa haraka!

Nilimsihi anyamaze. Funika kombe mwanaharamu apite, nani atajua? Lile jina nililitaka kuliko yeye, sioni aibu kusema.

"Wifi, nalitaka jina langu," akasema. "Ndiyo maana siliweki kwenye uongo."

Akaenda kwa Daktari, akamweleza yote. Daktari akavua miwani, akauliza kurudia kutachukua siku ngapi. Tukarudia, nikaosha mpaka vidole vikajikunja. Mimea kumi na minane ikabaki mitatu.

Wageni walikuja wamenuna, maana waliahidiwa kumi na minane. Mmoja akauliza, na hiyo mitatu nani ana uhakika nayo? Nilishafungua mdomo, Daktari akaniwahi.

"Aliyeipima ni huyu mama. Kumi na mitano aliikataa mwenyewe, na hakuna aliyemwomba."

Mgeni akatoa kalamu, akamwomba wifi jina lake kamili. Wifi akalitaja polepole, lake, la baba na la babu, nami nikalia mbele za watu.