Baba Alipokwenda Misheni

Juzi, mtaani Nateete, nilimwona fundi akiezeka kibanda cha bustani, na harufu ya nyasi kavu ikanirudisha utotoni kwetu, chini ya kilima cha Lubaga. Upepo ulikuwa umeng'oa paa la kibanda chetu, na baba, aliyekuwa mwanajeshi, aliliezeka upya huku nikimpa nyasi kutoka chini.

"Utakuwa unaningojea hapa," alisema. "Kesho mimi naenda misheni."

Nilifurahi. Misheni niliyoijua ilikuwa ya mapadri, pale juu kilimani. Sikujua kwamba wanajeshi nao wana misheni yao, ng'ambo ya mpaka.

Kila mara kengele za kanisa zilipolia, nilikimbilia kibandani. Paa lile lilikuja kuoza na kuvuja, na mimi bado nilikuwa nikisogea pembeni ya benchi la mle ndani ili baba apate pa kukaa.