Adabu Niliyowafunza Wasichana wa Mbio

Siku yangu ya kwanza kazini kama matroni, mkuu wa shule alinipa funguo za bweni akasema, "Mama, hawa ni watoto wa watu. Wafunze adabu."

Mimi niliishia darasa la saba, lakini adabu nilikuwa nayo gunia zima. Nikawafunza: mtu mzima akikuuliza, piga goti, tazama chini, usijisifu. Nilijivunia hilo miaka mingi.

Matroni ndiye aliyesafiri na timu ya wasichana, kuwachua misuli na kuwahesabu garini. Ndiyo maana nilikuwepo uwanjani Singida mjini, msichana wetu Mwajuma, wa kijiji cha Issuna, alipowaacha wenzake mbali kwenye mita elfu tatu. Jioni ile timu ya mkoa ingetajwa. Baba yake alishasema: asipochukuliwa, mbio basi.

Mwandishi wa redio akamsogezea maikrofoni. Mwajuma akapiga goti.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umejiandaaje?"

"Sijajiandaa. Ni bahati tu."

Nikatabasamu. Mtoto kalelewa huyu!

Ofisa michezo wa mkoa, aliyesimama karibu, akanigeukia. "Mama, mkoa hauchukui bahati."

Mtoto ameikana kazi yake mwenyewe, na aliyemfunza ni mimi!

Nikamkimbilia mwandishi, anakunja nyaya zake. "Mwanangu, mhoji tena."

"Mama, gari litaniacha."

"Likuache! Utapanda la kesho."

Akacheka, akawasha mashine. Nikamvuta Mwajuma pembeni. "Kusema ulichofanya si kujisifu. Simama wima. Mtazame anayekuuliza, siyo hicho kidude. Eleza mazoezi yako, mtaje anayekusaidia, kisha nyamaza."

"Matroni, si wewe ulisema..."

"Nilisema. Leo nafuta."

Akasimama wima, akamtazama mwandishi. Sauti ikatoka: "Kila asubuhi napanda kilima mara sita kabla ya kengele. Mwalimu wa michezo ananishikia saa. Leo mzunguko wa mwisho niliubakizia nguvu makusudi, kwa sababu mwaka jana niliishiwa pale pale."

Ofisa alisikia yote. Akaondoka na karatasi zake.

Jioni majina yakasomwa. Wavulana kwanza, wote, polepole kama mbuzi wanavyohesabiwa. Kisha wasichana. Nilikuwa nimeushika mkono wa Mwajuma hadi akalalamika namuumiza. Jina lake likaja la mwisho.

Sasa nimestaafu, lakini mwanafunzi akihojiwa redioni moyo bado unanienda mbio. Juzi aliyehojiwa alikuwa mjukuu wangu, mchezaji wa netiboli. Walikuwa wamefungwa vibaya. Akaulizwa kulikoni. Nikaziba mdomo kwa kanga, naogopa atalia au atamsingizia refa.

"Tulichoka kipindi cha mwisho," akasema, "na mimi nilipoteza pasi mbili. Tutarudi mazoezini."

Nilipiga vigelegele hadi jirani akaja mbio kuuliza tumeshinda ngapi.