Hakukatazwa Kuimba

Taarifa za kifo chake zilinikuta Tumba, kusini mwa Stockholm, darasani, nikiwafundisha watoto wanne Kiswahili cha wazazi wao. Simu ilitetemeka juu ya meza, nikaichungulia kwa siri kama ninavyowakataza wanafunzi kufanya, nikasoma kwenye kundi letu la Watanzania wa Stockholm kwamba dada yetu ametutoka. Moyo ulisimama akiwa nyumbani kwake Märsta. Msomaji wangu, ningependa kukuambia kwamba jambo la kwanza lililonijia lilikuwa sala. Halikuwa sala. Nilichowaza kwanza ni kwamba sasa hataniuliza tena, na kwa muda wa pumzi mbili hivi nilijisikia nafuu. Kisha aibu ikanipanda hadi masikioni, nikawaambia watoto wachore picha za familia zao, nikatoka kusimama kwenye korido penye makoti. Alichokuwa akiniuliza miaka kumi na minne nitakieleza, ingawa mwandishi mwenye akili angekificha.

Wasomaji wenye mvi watamkumbuka hata nisipomtaja. Alikuwa na miaka kumi na tisa aliporekodi wimbo ule wa polepole, wa mwanamke anayengoja barua, akiwa na bendi iliyotaka kupiga muziki wa soul kama Wamarekani lakini kwa maneno yetu. Redio iliupiga asubuhi, ikaupiga mchana, ikaupiga wakati wa salamu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari na niliamini barua inayongojwa ni yangu. Nilimwandikia kweli, kurasa sita, na nashukuru Posta kwamba sikupata jibu. Miaka michache baadaye akaja Sweden kusomea kazi za maabara, akaifanya kazi hiyo kwa muda, akaolewa na Mtanzania mwenzetu, mtu wa Tanga anayepakia mizigo kwenye ndege pale uwanjani Arlanda. Na mtoto wao alipoanza shule ya chekechea, mwanamke huyo mwenye sauti ile akaomba kusomea udereva wa treni. Akafaulu. Tangu hapo hadi kustaafu aliendesha treni za vitongojini, Märsta kwenda kusini na kurudi, na mimi ninayekaa vituo vichache kusini mwa Märsta na kufundisha Tumba nimebebwa naye mara ambazo sizijui idadi.

Siku moja nilimwona kwa macho yangu. Treni ilikuwa inaingia kituoni kwetu, na mle ndani ya chumba cha mbele, nyuma ya kioo, alikuwa amekaa yeye, miwani puani. Nilisahau umri wangu. Nikainua mikono yote miwili nikapunga, mkoba ukaning'inia shingoni, nikatembea sambamba na dirisha lake nikitabasamu kama bwana harusi. Hakugeuka. Alikuwa akitazama taa ya kumruhusu aondoke. Nikaendelea kupunga hadi milango ikafungwa na treni ikaondoka na abiria wote isipokuwa mimi, shabiki wake mkubwa kuliko wote. Nilichelewa darasani dakika ishirini. Tulipokutana baadaye nilimlaumu kwa utani kwamba aliniona akaniacha.

"Nilikuona, Mwalimu," akasema. "Lakini milango ilikuwa wazi. Wenzako waliingia, wewe ulikuwa unanisalimia."

Sasa nije kwenye dhambi yenyewe. Palikuwa na harusi, ukumbini Tumba, watu wa kutoka Tanzania, Kenya, Kongo na Burundi, pilau na soda na hotuba zisizoisha. Mshereheshaji akatangaza kwamba tuna bahati, kati yetu yumo malkia fulani, naye atatuimbia wimbo ule tunaoujua sote. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Yeye alikuwa ameinamia sahani yake. Aliyesimama ni mumewe, akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika, "Hapana, jamani. Haimbi." Kisha akakaa. Mkenya mmoja aliyekuwa kando yangu akaninong'oneza, "Si unaona? Huyo jamaa ndiye amemkataza. Hataki kabisa." Nikajisemea lisemwalo lipo, na hili sikuambiwa tu, nimeliona. Nikarudi nyumbani nikaandika makala kwenye safu hii hii unayoisoma, kuhusu sauti iliyofungiwa kabatini na mume mwenye wivu, kuhusu vipaji vya mama zetu vinavyozikwa chini ya masufuria. Niliongeza kwamba wanawake wa namna hiyo huwatetea waume zao, na tusiwaamini wanapowatetea. Nilijiona jasiri mno. Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote swali hata moja.

Makala ile ilipendwa kuliko chochote nilichopata kuandika. Ilizunguka kwenye simu za watu hadi ikanirudia mwenyewe, ikiwa na picha ya mshumaa. Wanawake waliniandikia kwamba wamelia. Chama kimoja kilinialika kuzungumza juu ya haki za wanawake, nikaenda nimevaa tai. Wiki ya pili akanipigia yeye, akanikaribisha Märsta kwa chai. Mumewe alikuwa kazini.

"Umeandika vizuri, Mwalimu," akasema akinimiminia chai. "Sasa andika ukweli."

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia ya kituoni. Alipokutana na mumewe alikuwa ameshaacha kuimba miaka mitatu. Siku ya harusi ile, mshereheshaji alipoanza tu maneno yake, alimkanyaga mumewe mguu chini ya meza ili asimame amsemee, kwa sababu yeye huishiwa nguvu za miguu watu wakimkodolea macho. Mume akasimama akabeba lawama, akakaa. Ndivyo walivyozoea.

"Wimbo ule niliuimba mara tatu kila usiku," akasema. "Nilikuwa na nyimbo nyingine, nzuri kuushinda. Hakuna aliyetaka kuzisikia. Nilikuwa nazeeka na watu wanataka nibaki na miaka kumi na tisa."

Nikamwambia, kwa werevu wangu, kwamba hata treni huenda na kurudi njia ileile kila siku.

"Ndiyo. Lakini nikifika mwisho nashuka, na hakuna anayenipigia makofi nisishuke. Naipenda kazi yangu, Mwalimu. Ina taa, ina saa, na watu wanafika. Andika hivyo. Si kwa ajili yangu. Binti yangu ameisoma hiyo makala yako, ana miaka kumi na sita, na ameiamini. Mimi nikimwambia si kweli, anasema namtetea baba yake. Wewe ndiye uliyemfundisha aseme hivyo. Lazima ukanushe wewe."

Nikamwahidi wiki ijayo. Naapa nilikusudia. Wiki ijayo palikuwa na habari za uchaguzi. Iliyofuata nilikuwa na mafua. Kisha nikaona kwamba muda umepita mno, wasomaji hawatakumbuka, masahihisho yatawachanganya. Hizo ni sababu nilizojipa, na zote ni uongo wa mtu mzima. Ukweli ni kwamba ile ilikuwa makala yangu bora, na mwanamke aliyeacha umaarufu kwa sababu anapenda kuendesha treni hamlizi mtu. Kila tulipokutana, kanisani au dukani, aliniuliza kwa upole, "Ile wiki ijayo bado, Mwalimu?" nami nikacheka kama vile ni mzaha wetu wawili. Nilifikia mahali pa kuchagua behewa la nyuma kabisa.

Hapa Sweden maiti husubiri wiki kadhaa kabla ya kuzikwa, kwa hiyo nilipewa nafasi ya mwisho ambayo sikustahili. Binti yake, mama mtu mzima sasa wa miaka thelathini, mfamasia, alinitumia wasifu wa marehemu atakaousoma kanisani. "Anko, Kiswahili changu ni kibovu, naomba unirekebishie." Nikafungua nikiwa na kahawa yangu, kalamu nyekundu mkononi ingawa nilikuwa nasoma kwenye kompyuta. Nikasahihisha ngeli. Nikasahihisha koma. Katikati nikakutana na aya moja tamu, imepangika, yenye mdundo, nikajisemea huyu mtoto ana kipaji, kumbe damu haipotei. Nikaisoma mara ya pili nikitikisa kichwa kwa raha, na mara ya tatu ndipo nikaitambua. Ilikuwa yangu. Sauti, kabati, masufuria, mume aliyekataza. Aliinakili neno kwa neno kutoka kwenye makala, na katika aya ile peke yake sikukuta kosa la kurekebisha. Nikajiambia msiba si mahali pa kufufua mambo, kwamba mtoto ana majonzi, kwamba nitamwambia baadaye. Nikaurudisha wasifu ukiwa na koma zote mahali pake.

Kwa hiyo niliusikia ukisomwa. Binti alisimama mbele na karatasi, akasoma bila kukosea, na baba yake alikuwa benchi la kwanza amevaa suti iliyomzidi mabega. Ilipofika aya ile hakuinua kichwa wala hakukiinamisha. Alitazama jeneza la mkewe. Nyuma yangu mwanamke fulani alisonya. Mimi nilijishughulisha na kitabu cha nyimbo, ambacho nilikuwa nimekishika juu chini.

Baada ya maziko tulikaa ukumbini kwa kahawa na ile keki ya mkate yenye uduvi ambayo Waswidi huiandaa misibani, na ambayo nusu ya Watanzania huisogeza pembeni ya sahani. Mzee akanijia mwenyewe. Nilisimama kwa haraka nikamwaga kahawa.

"Asante, Mwalimu," akasema. "Binti ameniambia uliupitia ule wasifu kabla. Umemsaidia sana na Kiswahili."

Hakuwa na kejeli, na hilo ndilo lililonimaliza. Alijua kwamba niliisoma aya ile, nikaiacha, na bado alikuja kunishukuru kwa niaba ya mwanawe. Nilimwangalia akirudi kwenye kiti chake, nikaweka kikombe chini, nikaenda alipo binti na kumwambia kila kitu nikiwa nimesimama, kwa sauti mbaya, bila hata sentensi moja iliyopangika. Miaka mitatu kabla ya kukutana. Mguu chini ya meza. Wiki ijayo.

Alinisikiliza hadi mwisho. Nilitarajia makelele, nikayatamani.

"Kwa nini hukuandika?" akauliza.

"Watu waliipenda," nikasema.

Akasema polepole, akitafuta maneno, "Anko, unajua mimi nilikuwa naongea Kiswahili na baba. Na mama kidogo, lakini na baba kila siku. Nilipoisoma ile makala nikaacha. Nilimjibu Kiswidi tu. Nilitaka aone kwamba na mimi nimefunga mdomo. Miaka kumi na minne. Yeye anasema Kiswahili, mimi nasema Kiswidi."

Hapo nikakumbuka jambo ambalo ningelipa gharama yoyote kulisahau. Kwenye sherehe moja ya chama, miaka kadhaa iliyopita, nilimsikia binti huyu akimjibu baba yake kwa Kiswidi, nikamvuta mzee pembeni na kumpa mhadhara wangu wa kila mwaka kuhusu wazazi wanaolegea, wanaoacha lugha ife majumbani mwao. Nilimwambia mimi mwalimu naumia. Alinisikiliza akiwa ameshika kofia yake, akasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Binti aliniacha nimesimama. Alivuka ukumbi, akavuta kiti, akakaa mbele ya baba yake magoti yakigusana. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia, na sikuwa na adabu ya kuondoka.

"Baba," akasema kwa Kiswahili, "ni kweli hukumkataza mama kuimba?"

Mzee alimtazama kwa muda, nadhani si kwa sababu ya swali.

"Nimkataze?" akasema. "Mimi nilimwomba. Wimbo ule ndio ulionifanya nimtafute mji mzima. Miaka yote nilimwomba auimbe, hata jikoni, hata mara moja. Akakataa. Akasema, umenioa mimi, hukuoa redio."

Binti akacheka, kicheko kikageuka kilio, na baba akatoa leso yake. Mimi nikaenda nje kutafuta koti langu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga, na mimi nilimnyonga mtu hadharani kisha haki yake nikaiweka mfukoni miaka kumi na minne kwa sababu ilikuwa haina machozi ya kutosha. Tunaoandika tunawapenda wanawake waliozimwa na watu wengine. Mwanamke aliyeamua mwenyewe, akafunga ukurasa, akaenda kwenye kazi anayoipenda, tunamtafutia mfungaji hata kama hayupo. Ukiandika juu ya maisha ya mtu, muulize kwanza, na akikusahihisha, sahihisha wiki hiyohiyo, maana anayesubiri si msomaji. Basi iandikwe hapa, palepale nilipoandika uongo: dada yetu aliacha kuimba kwa hiari yake, akaendesha treni kwa hiari yake, na watu walifika. Mumewe hakumnyamazisha mtu. Katika nyumba ile, aliyemnyamazisha mtu ni mimi.