Siku Ndovu Alipoingia Bustani ya Rangi

Mwezi uliopita nilishuka Voi kwenda harusi ya binamu yangu kule Mraru. Gari la kutupeleka lilichelewa, nikasema wacha nitembee kidogo nyuma ya soko niione ile bustani yetu ya utotoni. Sikuiona. Pamejengwa ghorofa, chini duka la hadwea, misumari na saruji, juu vyumba vya kupangisha, na mbele wamemwaga kokoto. Nilisimama pale nikipigwa na jua la Voi, lile unalolijua, mpaka fundi mmoja akaniuliza kama natafuta nyumba. Nikamwambia hapana.

Sisi tulipaita Bustani ya Rangi, ingawa kibao cha langoni kilikuwa na jina refu lenye maneno sanaa na jamii ndani yake. Kilikuwa kiwanja cha umma. Upande mmoja palikuwa na matuta ya sukuma na mchicha, na mwisho kabisa, karibu na fensi, kichaka cha migomba. Upande wa pili palikuwa na banda la mabati tulipochorea na kufinyanga. Katikati lilikuwa tangi la maji. Mwalimu wetu wa sanaa, dada mmoja kutoka bara aliyevaa ovaroli siku zote, alitufundisha kuchora baada ya shule, na akina mama waliokuja kulima waliishia kufinyanga vyungu pamoja nasi. Aliyekosa mboga nyumbani alichuma bila kuulizwa. Aliyefiwa alikuja akakaa tu. Jumamosi jirani yetu, mama wa Kikamba aliyekuwa na sauti ya kusikika mpaka stesheni ya reli, alipika kimanga, maharagwe na muhogo vikapondwa pamoja mpaka vikalainika, na sote tulikula kwenye sufuria moja.

Nyanya yangu, mama yake mama, ndiye aliyeipenda bustani ile kuliko sisi sote. Alikuwa ameletwa kwetu kutoka Ronge, kule mlimani, baada ya ugonjwa uliomwacha hasikii kabisa. Miezi ya kwanza alikaa kitandani ameelekea ukuta. Mlimani alikuwa na shamba na watu wa kumtembelea. Mjini alikuwa na sisi, tunaotoka asubuhi na kurudi jioni. Jirani ndiye aliyemshika mkono siku moja akampeleka bustanini na kumpa jembe. Jioni hiyo nyanya alirudi na udongo mwekundu hadi magotini, akala, akataka kuongezewa.

Mwaka ninaokusimulia mvua ilikataa. Unakumbuka ukame wa huku kwetu: majani yanakuwa rangi ya karatasi, mbuzi wanakula maboksi, na wanyama wa mbugani wanaanza kutafuta maji ya watu. Fensi ya umeme ilikuwa imeanguka mahali fulani na haikurekebishwa. Tulisikia ndovu wamevunja tangi la shule, halafu tukasikia mzee mmoja amekanyagwa akiwa shambani. Mama alitaka nyanya akae nyumbani. Nyanya alisoma midomo yake, akachukua debe lake la kumwagilia, akatoka.

Jumamosi moja jua lilikuwa limeanza kuteremka. Watoto na akina mama tulikuwa bandani, tunabandika vipande vya sahani na vya vioo ukutani, tukitengeneza picha ya mto. Nyanya alikuwa peke yake kule mwisho, ametupa mgongo, ameinamia mchicha. Nilisikia mti ukivunjika. Nilipoinua macho, ndovu dume alikuwa amesimama kando ya tangi, kati yetu na nyanya, mkonga tayari uko ndani ya maji. Alikuwa ameingia kwa upande wa barabara, akilaza fensi chini kama mkeka.

Jirani alifungua kinywa aite, na mwalimu akamshika mkono.

"Usipige kelele," alimwambia kwa sauti ya chini. "Yeye hatakusikia. Ndovu ndiye atakayesikia."

Jirani alifunga mdomo wake. Sikuwahi kumwona amenyamaza namna ile. Machozi yalikuwa yakimtoka na hayafuti.

Nyanya aliendelea kumwagilia. Alirudi nyuma hatua moja, akahamia tuta linalofuata, akawa amekaribia tangi zaidi. Mwalimu alisema atazunguka kwa nyuma amfikie. Jirani akatikisa kichwa, maana kwa nyuma hapakuwa na mahali pa kujificha. Mikononi nilikuwa na kipande cha kioo. Sisi watoto tulikuwa na mchezo wa kumulikana machoni, mchezo ambao nyanya aliuchukia sana na alishanichapa kwa ajili yake. Nilisogea mlangoni pale jua lilipofika.

"Unafanya nini?" mwalimu aliuliza.

"Nitammulika."

Alimtazama ndovu, akamtazama nyanya. "Chini," akasema. "Usimguse yule mnyama. Peleka chini, kwenye mchicha."

Mwanga uliruka huku na huku nikiutafutia njia. Ulipita kwenye tope, ukapita karibu mno na mguu wa ndovu, nikauvuta haraka. Mwishowe ukatua kwenye majani mbele ya mikono ya nyanya. Alipiga kama anayefukuza nzi. Ukarudi. Akapiga tena, kisha akatulia, akaelewa ni nini, na nilimwona mgongo wake ukinyooka kwa hasira. Aligeuka na kidole kimeinuliwa tayari kunigombeza, na ndipo akamwona.

Hakukimbia. Aliweka debe chini taratibu, kidole chake bado kiko juu, akakisahau hapo. Alitutazama nyuso zetu mlangoni. Mwalimu alimwonyesha migomba kwa mkono. Nyanya alirudi nyuma, nusu hatua kwa nusu hatua, mpaka akafika kwenye shimo tulilochimba kuhifadhi maji ya migomba, akashuka ndani.

Tulidhani yamekwisha. Lakini ndovu alimaliza maji, akang'oa bomba, akainua mkonga hewani na kuanza kutembea kuelekea migomba. Ni kawaida, migomba ni chakula. Alikuwa anaenda kula juu ya kichwa cha nyanya yangu.

"Sasa," mwalimu akasema, na safari hii yeye ndiye aliyeanza. Alipiga ukuta wa banda kwa nyundo. Jirani alichukua sufuria ya kimanga, akaimwaga yote chini, akaipiga kwa mwiko na kupaza ile sauti yake. Sote tulipiga mabati, ndoo, sahani. Ndovu aligeuka. Alitutazama, masikio yakafunguka, akapiga hatua kadhaa kuja kwetu, na mtoto mmoja akaanza kulia akisema anataka nyumbani. Hatukuacha. Halafu tukasikia mlio mwingine kutoka nyuma ya ua, na mwingine kutoka upande wa soko. Watu wa sokoni walikuwa wametusikia. Walikuja na mabati na madebe, na wanakwaya waliokuwa mazoezini wakaja na ngoma ya kanisa, wakasimama pande mbili, wakaacha wazi ule upande ulioangushwa fensi. Ndovu alizunguka, akavunja mgomba mmoja kwa kupita tu, akatoka alikoingilia.

Walimtoa nyanya shimoni amejaa matope mpaka kwenye leso. Alikuja moja kwa moja kwetu.

"Nani alikuwa ananimulika?"

Nikasema ni mimi. Alishika mkono wangu akaufungua. Nilikuwa nimekibana kile kioo mpaka kimenikata, wala sikuwa nimehisi. Alinifunga kwa ncha ya leso, akaniegemeza kwenye tumbo lake, na hapo ndipo nilipohisi jinsi moyo wake ulivyokuwa ukienda.

Asubuhi iliyofuata watu walikuja na majembe bila kuitwa. Ndugu zetu wa Ronge walituma machipukizi ya migomba. Fensi ikasimamishwa. Lakini nyanya hakutoka. Alirudi kitandani, akaelekea ukuta kama zamani, na mama alilia jikoni akidhani tumempoteza.

Jirani alikuja akamshika mkono kwa mara ya pili. Na tangu siku hiyo nyanya hakulima peke yake tena. Mtu mmoja alilima tuta la mbele yake, amemwelekea, ili kama kuna jambo lolote linakuja kwa nyuma nyanya alione usoni mwake. Hakuna aliyepanga zamu. Leo alikuwa jirani, kesho mwalimu, kesho kutwa mwanakwaya ambaye hata jina lake hatukulijua. Ilikuwa hivyo miaka yote, mpaka nyanya alipochoka na kurudishwa mlimani, ambako tulimzika.

Bustani haikufungwa siku moja. Mwalimu alihamishwa, jirani akaenda kukaa na mwanawe kule Miasenyi, kiwanja kikapata mwenyewe, na watu wakapungua. Sasa nakaa kwenye jumba kubwa, na majirani zangu ni watu wema, tunasalimiana kwenye ngazi. Lakini nikifumba macho huwa namwona nyanya kwenye tuta la mchicha, ameinama, maji yanatiririka vidoleni. Kila baada ya muda aliinua kichwa, na kila alipoinua palikuwa na uso wa mtu unaomtazama.