Picha ya Nane

Baba alininunulia filamu ya picha nane kwa ajili ya bibi, mama yake, anayekaa Vihingo. Baba mdogo yuko Tanga kwenye mkonge, miaka sita hajarudi, na bibi alitaka mwanawe auone uso wake. Kamera niliazimwa na mwalimu wetu, mpenda ndege. Akasema kabla sijaenda kwa bibi nimfuate Dar es Salaam, tupande boti tukawapige picha mwari, wale ndege wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo. Nikaapa moyoni kubakiza picha moja.

Kumpiga picha ndege anayeruka ni taabu. Boti inayumba, na ukimpata kwenye kioo keshapita.

"Mwanafunzi," nahodha akanicheka, "ndege keshafika Unguja ndiyo unabonyeza?"

Saba zikaisha kwa maji na mawingu. Kisha mwari mmoja akapita juu yetu, chini kabisa, nikasikia mbawa zake. Nikabonyeza. Bibi nilimkumbuka nilipozungusha filamu, namba ya picha haionekani tena kwenye kidirisha cha nyuma: zote nane zimekwisha.

Vihingo nilimkuta kavaa kanga mpya, kapaka wanja, majirani wamejaa uani.

"Mume wangu, nicheke au nikaze uso?"

Ningesema pale pale. Lakini mimi mbele ya watu ulimi hunikauka. "Cheka, bibi," nikasema, nikabonyeza kamera tupu.

Baada ya wiki mbili akaniita nimwandikie barua. Nikamwambia picha imekuja, nimeshaitia kwenye bahasha. Nikaifunika bahasha kwa kiganja asije akaiomba.

"Mie nijitazame nini, najijua. Mpelekee mwenyewe."

Nikaandika kama alivyosema: mwanangu, picha yangu imo humu. Nikaifunga.

Baba mdogo akajibu kwamba hakuona picha. Bibi akanishika mkono hadi posta ya Kisarawe, kuuliza nani kaitoa picha yake kwenye barua.

"Shikamoo, bibi," karani akasema. "Sisi barua za watu hatufungui."

"Marahaba. Basi imetoka kwa miguu yake?"

Watu wakacheka. Karani akanigeukia. "Kijana, picha uliitia kweli?"

"Niliitia."

"Umesikia?" bibi akasema. "Huyu hata kuku humwonea haya. Ataweza kusema uongo?"

Karani akainama, akamwomba bibi radhi. Mimi nikawa natazama mihuri yake mezani.