Jokofu la Jeannine Madhabahuni

Jeannine husuka nywele mtaani Hillbrow siku sita za juma, na ya saba hulitunza ghala la chakula la kanisa letu hapa Bellevue. Ni mtu wa Bukavu, mfupi, na haoni sababu ya kumaliza sentensi ambayo mkono wake umekwisha kuimaliza.

Kila Jumapili asubuhi mama mmoja mwenye shamba hutuletea mboga, nazo hugawiwa familia arobaini siku ya Jumatatu. Desturi yetu ni kwamba sadaka haihifadhiwi kabla ya kuombewa madhabahuni. Na Mchungaji Octave, Mungu amzidishie, huombea kila kreti, kisha mkulima, kisha dereva, kisha mvua. Februari ile ya joto kali ya 2017, spinachi ziliingia zimesimama wima, zikatoka zimelala kama waumini wa safu ya nyuma. Mwenye shamba akaziona. Akasema Jumapili ijayo atakuja baada ya ibada azishike mwenyewe. Akizikuta hivyo tena, atawapa wengine.

Mimi, kwa kuwa nafundisha chuo kikuu, niliandika waraka wa kurasa tisa kuhusu uhifadhi wa mboga. Jeannine aliupima uzito kiganjani.

“Profeseri, iko muzuri. Lakini mboga haijuwe kusoma.”

“Ni wa mchungaji, Mama Jeannine.”

“Yeye anajuwa kusoma. Ataiombea na hiyo karatasi.”

Mimi si profesa. Nimechoka kumsahihisha, au pengine sikuwahi kujitahidi sana.

Jumapili iliyofuata tulilikuta jokofu la ghalani limesimama kando ya madhabahu, limevikwa kitenge, waya wake ukipita miguuni mwa kwaya. Mboga zilikuwa ndani tayari.

“Jeannine, sadaka iko wapi?” aliuliza mchungaji.

“Mbele ya Mungu, Papa Pasta. Yeye anaona mpaka ndani.”

Kanisa zima likatazama sakafu. Mchungaji akaweka mkono juu ya jokofu, akaomba dakika hamsini, labda kwa kulipiza, nalo likamwitikia kwa mngurumo usiokatika.

Baada ya ibada mwenye shamba alifungua mlango wa jokofu, akakunja jani moja. Likavunjika kwa sauti. Akamuuliza Jeannine kama kuna nafasi ya kreti mbili zaidi.

Jokofu halijarudi ghalani. Waraka wangu nao umepata kazi: umekunjwa chini ya mguu wake mfupi, lisitikisike wakati wa maombi. Jeannine husema kurasa zote tisa zilihitajika, nami nimeamua kumwamini.